Babu Elifasi Hakuwa Karani

Jumamosi, mchana. Mvua nyembamba tangu alfajiri, ile isiyopiga kelele kwenye bati, lakini ukitoka kukata majani ya ng'ombe unarudi umelowa chapachapa. Mlima haujaonekana wiki nzima. Magoti yananiuma.

Nimechoka, na nataka kuandika kabla hata nguvu ya kuandika haijaniishia.

Mnaonisoma hapa mmezoea habari za darasa langu la tatu na za ng'ombe wangu asiyependa kukamuliwa. Leo sina hizo. Leo nina habari za babu yangu Elifasi, baba yake Baba, ambaye sikumwona kwa macho yangu, na ambaye kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa nikimtafuta kwenye makaratasi.

Nianze na sababu. Ukoo wetu unatengeneza kitabu. Kila Desemba watu wetu wanapanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza, magari yanajipanga mpaka kwenye migomba, mbuzi wanachinjwa, na baada ya Mwaka Mpya kila mtu anashuka alikotoka. Safari hii Baba mdogo Elirehema amesema tusile tu na kutawanyika, tuache na kumbukumbu. Kila mzee aliyetutangulia awe na ukurasa wake. Baba mdogo ni mdogo wake Baba, ni mstaafu, anaishi Dar, na ndiye mwenyekiti wa mambo yote ya ukoo. Aliamua kwamba mwandishi niwe mimi, kwa kuwa ni mwalimu na ndiye niliyebaki nyumbani na Baba. Hakuniuliza. Waliobaki nyumbani huwa hawaulizwi.

Ukurasa wa Babu Elifasi ulionekana mwepesi kuliko yote, kwa sababu habari zake tulizijua sote. Babu alikuwa karani wa mji. Alifanya kazi ofisini Moshi mjini wakati wa mkoloni, akaendelea miaka michache baada ya uhuru, akarudi kihambani, kwenye shamba letu la migomba, akiwa na kifua kibovu, akafariki. Kwa kazi hiyo watoto wake walisoma wakati wenzao wanachunga. Na kwa kazi hiyo, walisema, alikuwa na majivuno. Akipanda nyumbani Jumamosi haketi na wanaume wenzake kwenye pombe ya mbege. Anakaa peke yake upande wa zizi, anakula kwenye bakuli lake, Jumapili baada ya ibada anashuka tena mjini.

Karani, walisema. Mji umemharibu.

Nimekua na habari hizo. Na mimi niliwasimulia wanangu vivyo hivyo, hata ile ya majivuno, tena kwa kuwachekesha.

Kilichokosekana ni nyaraka. Baba mdogo alitaka picha za karatasi za zamani ili kitabu kiwe na uzito. Makaratasi ya nyumba hii yanakaa kwenye dari ya jiko la zamani, ndani ya mfuko wa mbolea, kwa sababu moshi wa jiko unafukuza wadudu. Bibi ndiye aliyeyaweka huko, na tangu afariki hakuna aliyeyagusa. Jumapili moja baada ya kanisa nilipanda ngazi mwenyewe, nikashuka na mfuko mweusi kama sufuria. Nilikohoa siku mbili.

Ndani kulikuwa na cheti cha ubatizo cha Babu, vyeti vya kipaimara vya wanawe, fomu ya Baba ya kuingia shule ya kati, na kadi ya kazi.

Kadi ile ni karatasi ngumu yenye rangi ya chai, pembe moja imeliwa. Jina, Elifasi. Jina la baba yake. Kabila, Mchagga. Kazi, Topasi. Kuna muhuri wa mji uliofifia, na mahali pa kutia sahihi pana alama ya dole gumba.

Sikulijua neno topasi. Nafundisha Kiswahili miaka ishirini na mbili na sikulijua. Nilidhani ni cheo cha wakati ule, kitu cha aina ya tarishi au mkalimani. Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Baba mdogo akajibu palepale: "Safi sana Aika. Hiyo iwe ukurasa wa kwanza."

Kilichonisumbua ni lile dole. Karani asiyeweza kuandika jina lake anafanya nini ofisini?

Nilimwuliza Baba. Baba ameshapita miaka themanini. Macho yake yamekwisha, masikio yake ni mazima kabisa. Alikuwa anakunywa uji. Nikamwuliza, "Baba, topasi ni nini?"

"Ni kazi ya mji," akasema.

"Kazi gani?"

"Uji huu umepoa."

Nikaupasha uji. Sikuuliza tena siku hiyo.

Jumatatu nilifungua kamusi kubwa iliyo kwenye kabati la ofisi ya walimu. Topasi ni mtu wa kusafisha vyoo na kuzoa mavi. Ni mstari mmoja tu, katikati ya maneno mengine ya herufi T.

Nitasema ukweli, kwa sababu blogu hii niliianzisha ili niwe na mahali pa kuusema. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifunga kamusi na kugeuka kutazama kama kuna mwalimu aliyeniona nimefungua wapi. Kitu cha pili, nilikumbuka kwamba ile picha nimeshaituma kwa ukoo mzima. Kitu cha tatu ni kumshukuru Mungu kwamba vijana wetu hawana kamusi.

Sikumfikiria Babu hata kidogo. Nilijifikiria mimi.

Kwa wiki kadhaa niliamua nitaliacha jambo hilo. Nitaandika karani, nitaweka cheti cha ubatizo badala ya kadi, watu watakula mbuzi, mwaka utaisha. Nilikuwa na madaftari sabini na moja ya kusahihisha, ng'ombe ana homa, na Baba alianza kuamka kila saa. Sina nguvu za kugombana na watu waliokufa, nilijiambia.

Lakini nyuma ya ile kadi kuna maandishi ya penseli, laini ya Njoro, na namba ya chumba. Kila nikiisogeza nayaona. Basi Jumamosi iliyopita nilipokuwa na shida zangu mjini, nilipitia Njoro.

Hizo laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa mji, hazipo tena. Palipokuwa na vyumba pana duka la vifaa vya ujenzi na saluni mbili. Nikamwuliza mwenye duka kama kuna mtu wa zamani mtaani anayekumbuka wafanyakazi wa mji walioishi pale. Akanielekeza nyumba ya tatu nyuma ya saluni, kwa Bi Mwanahamisi.

Nilimkuta barazani kwake, ameketi kwenye mkeka, anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda kabla hata sijasema nimetoka wapi. Nikamwambia mimi ni mwalimu, natoka juu, Mwika, namwulizia babu yangu aliyeishi hapa zamani, akiitwa Elifasi.

Mikono yake ikasimama kwenye mchele.

"Elifasi Mchagga? Mrefu? Ana kovu hapa?" Akagusa taya lake la kushoto.

Nikamwambia sijui. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia kwamba babu yangu alikuwa na kovu. Tulikuwa na karani mwenye majivuno, lakini uso hatukuwa nao.

Bi Mwanahamisi ni mtoto wa Mzee Hamisi, na Mzee Hamisi na Babu walikuwa wakisukuma mkokoteni mmoja. Alinieleza taratibu, huku akiendelea na mchele wake. Nyumba nyingi za mjini wakati huo zilikuwa na vyoo vya ndoo. Nyuma ya kila choo, upande wa uchochoro, kuna kijimlango kidogo chini. Topasi anafungua, anavuta ndoo, anaimwaga kwenye pipa la mkokoteni, anairudisha. Nyumba inayofuata. Kazi hiyo inatakiwa iishe kabla watu hawajatoka nje, ili mji usiwaone. Watoto wakiwawahi wanawafuata wakiwaita majina ya kejeli. Dukani, chumvi yao inawekwa chini kwenye kizingiti, hawapewi mkononi.

"Kazi yenyewe walikuwa wameizoea," alisema. "Lile la kuwekewa chumvi chini, baba yangu hakulizoea mpaka anakufa."

Nikamwuliza kuhusu Jumamosi, siku ambazo Babu alikuwa anapanda nyumbani.

"Jumamosi alikuwa anajiosha. Ungemwona, mwanangu. Jivu kwanza, halafu limau, halafu anajisugua na majani ya mchaichai mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Mama yangu anamwambia, Elifasi, utajitoa damu. Anasema, naenda kwa wanangu."

"Na huko nyumbani alikuwa anakaa peke yake," nikasema. "Hali na watu."

"Alituambia. Alisema hawezi kutia mkono kwenye sahani ya watu. Wala hakuna aliyemkataza. Ukishaifanya kazi ile, harufu haipo tena kwenye ngozi, imeingia kichwani. Baba yangu aliacha kazi, akazeeka, na bado alikuwa ananusa vidole kabla ya kula."

Nilitazama chini. Miaka yote hiyo tulimcheka kwa majivuno mtu aliyekuwa anazionea huruma pua zetu.

Nilipoinuka kuaga, akakumbuka jambo moja. Akasema sisi wa juu labda tunamjua kwa jina la Elifasi, lakini pale laini hakuna aliyemwita hivyo ila mama yake yeye Bi Mwanahamisi. Wenzake walimwita Karani. Hata wao watoto walimwita Mzee Karani.

"Kwa nini Karani?"

"Sijui. Tulikuwa wadogo. Ukimwita anaitika, tena anafurahi. Nilijua ndilo jina lake."

Nilipanda basi, halafu bodaboda mpaka kanisani, nikamaliza kwa miguu, maana nilitaka kufika nimechoka kiasi cha kutofikiri. Haikusaidia. Nilikaribishwa chai na jirani njiani na sikumbuki tuliongea nini.

Jumatatu jioni, baada ya kusahihisha, nilirudia yale makaratasi. Mtu akishatazama miandiko ya watoto sabini na moja, macho yake yanabaki yakitazama miandiko tu. Nikachukua ile fomu ya shule ya kati, nakala iliyorudishwa nyumbani ikiwa na muhuri wa shule. Jina la mwanafunzi, Anaeli, yaani Baba. Jina la mzazi, Elifasi. Kazi ya mzazi, Karani. Pembeni, dole gumba.

Ile K ina mkia unaorudi chini kama ndoano. Naijua. Iko kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia yetu, kwenye jina la marehemu dada yangu Kunda, mahali Baba alipoandika majina yetu kila tulipozaliwa.

Aliyeandika Karani ni Baba.

Nimekaa na jambo hilo tangu Jumatatu hadi leo asubuhi. Nimepika, nimefundisha, nimemwogesha, nimemsomea neno la jioni, na sikusema kitu. Mara mbili nilifungua mdomo nikaishia kumwuliza kama anataka blanketi jingine. Kuishi na mzee mnayependana naye kuna uchovu wake. Kila swali unalipima kwanza kama atalibeba.

Leo mvua imetufungia ndani. Nimemaliza kukamua, nimempa maziwa yake, nimekaa kwenye kiti cha mbele yake, nikasema, "Baba, nimeshika fomu yako ya shule ya kati."

Hakushtuka. Aliweka kikombe chini kwa kupapasa meza.

"Ina dole la Mzee?"

"Lipo."

"Na mimi niliandika nini?"

"Karani."

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Alipitisha kidole gumba juu yake, polepole, kama vile wino unaweza kushikika.

Halafu akanieleza, na sikumkatiza.

Alikuwa na miaka kama kumi na miwili. Alishuka mjini na Bibi kupeleka ndizi sokoni, wakafika kungali mapema. Kwenye uchochoro mmoja wakakutana na mtu mwenye ndoo begani, amejifunga kitambaa puani. Baba alimtambua kwa mwendo. Na yule mtu naye alimwona, akasimama.

"Alinitazama," Baba amesema. "Mimi nikageuza uso. Nikamshika Mama kanga, nikamwambia twende, tutachelewa. Mama hakumwona. Au alimwona. Sikuwahi kumwuliza."

Jumamosi iliyofuata Babu akapanda kama kawaida, akakaa upande wa zizi kama kawaida. Hakusema neno.

Mwaka huohuo Baba akachaguliwa kwenda shule ya kati. Akapewa fomu, na habari zilikuwa zimeshaenea kwamba mwalimu wa kule anazisoma fomu kwa sauti mbele ya darasa. Mtoto wa mchungaji, mtoto wa mwenye duka, mtoto wa mkulima, kila mtu anasikia. Nyumbani hakukuwa na mwingine anayejua kuandika, basi akaijaza mwenyewe. Babu akaketi pale zizini akisubiri kutia dole.

"Akaniuliza, umeniandika nani? Nikamwambia, nimeandika kazi ya mji. Akasema, sawa. Akabonyeza. Hakujua kusoma, Aika. Nilimfanya atie dole kwenye uongo wangu. Na uongo ukakua. Nikiulizwa nasema karani, Elirehema akazaliwa akakuta baba yake ni karani, mzee akarudi nyumbani na kifua chake watu wote wanamwita karani mstaafu, na yeye hakuwahi kukanusha. Miaka yote hii najiuliza kama alijua."

Ningeweza kunyamaza. Nataka niandike hivyo, kwa sababu nilikaribia kunyamaza. Ana miaka mingi, halali vizuri, na nilikuwa na kitu ambacho kingeweza kumpa amani au kumvunja, na sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Nikamwambia. Nikamweleza kwamba nimekwenda Njoro, nimeonana na binti wa Mzee Hamisi, na kwamba kule laini watu wote walimwita Babu Karani.

Baba akainamisha kichwa upande wangu, kama anavyofanya akitaka kusikia vizuri.

"Walimwita nani? Rudia."

"Karani. Mzee Karani. Hata watoto."

"Na yeye?"

"Anaitika. Bi Mwanahamisi amesema alikuwa anafurahi."

Mvua ikaendelea. Baba akaishika ile fomu kwa mikono miwili. Akasema kwamba fomu hiyo hakuipeleka yeye shuleni. Babu ndiye aliyesema nipe, naipitisha mwenyewe, shule iko njiani nikishuka. Lakini shule ilipokea fomu siku tatu baadaye.

"Alikwenda nayo mjini," Baba akasema. "Atakuwa alimpa mtu amsomee."

"Inawezekana."

"Akasomewa. Akarudi, akaipeleka ilivyo."

Nikasema ndiyo, inaonekana hivyo, na kwamba jina la Karani huenda lilianzia hapo.

Nimemwona Baba akilia mara mbili. Mara ya kwanza ni siku tuliyomzika Mama. Leo hakutoa sauti. Machozi yalishuka tu kutoka kwenye yale macho yasiyoona, akayaacha, na mimi nikayaacha, nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Niliporudi alikuwa amejifuta. Akaniambia, "Mpigie Elirehema. Weka sauti kubwa."

Baba mdogo alipokea akiwa kwenye gari, akasema anaegesha. Baba hakuzunguka. Akamwambia kwamba baba yao hakuwa karani, alikuwa topasi, akamweleza maana ya topasi, na akamwambia kwamba kitabuni ndivyo itakavyoandikwa.

Baba mdogo akasema, "Kaka, mimi nina wakwe. Watoto wangu wana wakwe. Kitabu hicho kitasomwa na watu."

"Kisomwe."

"Umejua lini?"

"Tangu nina miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyemfanya karani."

Nikasikia honi za Dar kwa mbali.

"Kaka," Baba mdogo akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena. "Siku naagwa kazini nilisimama mbele ya watu nikasema mimi ni mtoto wa karani. Nikasema Mzee alinifundisha kushika kalamu."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, ukapiga makofi."

"Nilipiga."

Baba mdogo akakata simu bila kuaga. Miaka yote nimemwona kama mtu wa kutuma watu kazi. Leo nimemhurumia. Alizaliwa akaukuta uongo umeshajengwa, ukiwa na kuta na bati, akaingia akaishi humo kama nyumba ya urithi. Hakuweka hata tofali moja.

Nikapika mtori wa ndizi, Baba akala nusu bakuli, ambayo kwake siku hizi ni nyingi. Nikamwuliza kuhusu lile kovu. Akatabasamu, akasema ah, hilo la taya, ng'ombe wa babu yake alimpiga pembe akiwa kijana. Alilikumbuka mara moja, kana kwamba lilikuwa linasubiri aulizwe. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kutuambia.

"Mngeuliza sura yake, mngeuliza na mengine," akasema.

Kiasi cha saa moja baada ya chakula, simu ikalia ujumbe. Baba mdogo. Ameandika: "Andika. Ila usitumie neno mavi."

Nilicheka, cheko langu la kwanza wiki hii. Nikamsomea Baba, naye akacheka mpaka akakohoa.

Basi nimeandika, kwenye simu. Ukurasa wenyewe haufiki hata nusu. Wazee wengine wana kurasa tatu, wana picha za harusi na za mashamba. Babu hana picha. Nimeandika kwamba Elifasi alikuwa mrefu, mwenye kovu kwenye taya la kushoto. Kwamba alikuwa topasi wa mji wa Moshi, akizoa ndoo za vyoo kabla watu hawajaamka, na kwamba kwa kazi hiyo aliwasomesha wanawe wote. Kwamba alipopanda nyumbani alikaa kando, na si kwa majivuno. Nimeandika jina la Mzee Hamisi, kwa sababu mkokoteni ulisukumwa na watu wawili, na sidhani kama kuna kitabu kingine kitakachomtaja.

Nikamsomea Baba. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akasema nimeandika vizuri, lakini bado sentensi moja.

"Ongeza hivi. Mwanawe wa kwanza alimwonea haya, naye alijua, na hakumwambia kitu."

Nikaweka simu chini. Nikamwambia Baba, kitabu kikishachapwa hakifutiki. Nikamwambia wajukuu watakisoma, na wajukuu wa wajukuu, na hawatajua mengine yake yote, jinsi alivyotulea, jinsi alivyomwuguza Mama. Watajua hilo tu.

"Wewe utaandika ukurasa wangu nikishakufa," akasema. "Huko weka hayo mengine. Huku ni kwa Mzee."

Nimeiongeza.

Sasa amesinzia kwenye kiti, blanketi magotini, mdomo wazi kidogo. Mvua imepungua. Nimekaa mezani na simu yangu, naitazama ile sentensi, na kidole changu kimeshakwenda mara tatu mahali pa kufutia. Mimi ni mtoto wake. Sitaki mtu asiyemjua amfungue Baba yangu kitabuni na kumkuta amegeuza uso.

Lakini sentensi si yangu. Nimechoka kuwatengenezea watu wazima wa nyumba hii sura, na nadhani hata wao wamechoka.

Mchapaji anasubiri Jumatatu. Nitaupeleka ukurasa ulivyo.